Sindano za Uzi Mwekundu

Juni 3

Mvua ya kwanza ya maana imenikuta jijini nikishuka basi kutoka kwetu Tecolapa, na mwavuli umenivunjikia mkononi kabla sijavuka barabara. Mwanzo mwema huo. Daktari Ulloa ameniagiza niandike kila siku nilichokula na panapouma. Nitaandika ninachotaka, yeye ana vipimo vyake.

Basi tuanze na uso, kwa kuwa kila mtu huanza nao. Nilipokuwa na miaka minne sikio langu la kushoto lilitunga usaha, na usaha ukagandisha bawaba ya taya. Mimi nikakua, taya likakataa. Leo nina miaka thelathini na mitatu na kidevu cha mtoto anayenyonya. Jina langu ni Hermelinda, lakini kwetu wananiita Kandege. Maneno yangu yanatoka yamekunjika, na wageni hunijibu kwa sauti ya juu wakidhani mimi ni kiziwi.

Baba yangu, Don Eligio, ndiye mwitaji wa loteria katika sikukuu ya Mtakatifu Fransisko, tarehe nne Oktoba. Watu hukaa na vibao vyao vya picha na punje za mahindi, naye juu ya kiti kirefu huchomoa karata moja moja na kuiita kwa shairi: jogoo, mtungi, mwezi, Mauti. Mashairi hayo nayatunga mimi tangu nikiwa na miaka kumi na miwili. Baba hutoa sauti, mimi hutoa maneno, na makofi huenda kwake. Sasa sauti yake inakufa. Siku ya Pasaka alisema mezani, "Mwaka huu mwenye mdomo atachukua kipaza sauti." Wote wakamgeukia Nicandro, mume wa dada yangu Maura. Nicandro ana mdomo mpana kama lango la zizi, na zizini hamna ng'ombe hata mmoja. Na kwetu anayekishika kipaza sauti huapa mbele ya sanamu ya mtakatifu. Akishaapa hapokonywi, mpaka afe au sauti ife.

Ndiyo maana nimekuja kukatwa taya.

Juni 4

Nimefikia kwa Doña Chole, mjane anayepangisha vitanda kwa wagonjwa wanaotoka mbali, ng'ambo ya hospitali. Chumba changu kina vitanda viwili. Cha pili ni cha mwanamke wa Córdoba, Amparo Lucero, mdogo kwangu kwa miaka michache na mwenye ulimi usiojua likizo. Pikipiki ya mumewe iliingia chini ya lori, na upande mmoja wa taya lake ukasagika. Tutakatwa siku moja.

"Wewe ulizaliwa hivyo au ulinunua?" ameniuliza hata kabla sijatua mfuko.

"Nilipewa bure. Na wewe?"

"Mimi nilibusu lori."

Nimecheka. Sikutaka kucheka.

Juni 6

Wametukata jana. Inatosha.

Juni 10

Leo naweza kushika kalamu. Mfupa wameukata pande zote mbili, na kila upande wamefunga chuma chenye skrubu, kimetokeza nje ya shavu. Kila siku skrubu itazungushwa kidogo, vipande vya mfupa viachane unene wa ukucha, na katika pengo lile mfupa mchanga ujae. Taya halitarefuka kwa siku moja, litadanganywa taratibu. Taabu ni kwamba mfupa wa mtu mzima ni mvivu. Ndiyo maana daktari Ulloa ana utafiti wake: homoni ya zile tezi nne ndogo za shingoni, sindano moja kila siku pajani, ili mfupa uamke na ujenge haraka.

"Lakini si wote watakaoipata," alituambia mimi na Amparo. "Wengine watapewa maji yanayofanana nayo. Hamtajua ni nani, na mimi pia sijui. Famasia ndiyo inayojua."

"Yaani daktari, wewe mwenyewe hujui unanidunga nini?" nikamuuliza.

"Nikijua nitaanza kukuangalia kwa jicho lingine."

"Haya. Nimeona waganga wengi, lakini wewe ndiye wa kwanza kukiri hujui."

Hakukasirika. Ametupa kila mmoja boksi la sindano zilizo kama kalamu, kila kalamu ina dozi za mwezi mzima, za kutosha msimu wote, tuziweke kwenye friji. Doña Chole ametupa rafu iliyo kati ya jeli yake ya maziwa na majani yake ya mpungate. Ili tusichanganye, Amparo amezifunga zangu uzi mwekundu na zake uzi wa kijani.

Juni 12

Tumeanza kuzungusha. Mimi namzungushia yeye, yeye ananizungushia mimi, kwa kuwa mbele ya kioo mkono unapotea njia. Akizungusha huimba. Nilimwambia anyamaze, akaongeza sauti.

Juni 13

Supu ya kuchuja. Mvua.

Juni 14

Supu ya kuchuja. Mvua. Jirani anakaanga nyama ya nguruwe, Mungu amlaani.

Juni 19

Tangu juzi, kila nikijidunga misuli ya miguu inakaza na kichwa kinazunguka. Leo nimeshika ukuta bafuni nikidhani ni tetemeko la ardhi.

"Hongera," Amparo akasema, amelala chali na chuma chake kimeelekea dari. "Yako ndiyo yenyewe. Dawa ya kweli lazima ikuvuruge. Yangu, mtu angeweza kuogea."

"Labda wewe una mwili wa punda."

"Labda mimi nimepewa maji ya bomba, ndugu yangu. Maskini hata kwenye bahati nasibu ya hospitali anapata namba ya kukosa."

Nilifurahi. Naliandika hili kama lilivyo: nilifurahi kwamba yangu ni ya kweli, na sikumhurumia hata kidogo.

Juni 30

Skrubu zimefika mwisho. Nimejitazama kioo cha mlango wa kabati, ubavuni. Nina kidevu. Kimevimba, kimezungukwa na vyuma, lakini kipo. Ndani ya treni ya chini ya ardhi mtoto mmoja aliniuliza nanasa redio gani kwa antena zile. Nikamwambia stesheni ya kuzimu, wanapiga muziki mzuri. Mama yake alihama kiti.

Sasa ni kusubiri mfupa ugumu. Daktari anasema picha ikionyesha mfupa mweupe, vyuma vitatoka mwisho wa Septemba. Sikukuu ni tarehe nne. Nimeanza kutunga la Mauti: *Uliyemfungia mlango, amekaa na wewe mezani.* Baba hakuwahi kuwa na jingine zuri kama hilo.

Julai 3

Binti wa Amparo, Yaretzi, anamaliza shule ya chekechea. Anahitaji mama msimamizi wa kumshika mkono na kucheza naye waltz mbele ya wazazi. Amparo ameniomba mimi.

"Nitamtia mtoto aibu. Nina bomba mbili usoni."

"Na mama yake ana bomba gani? Tutafanana. Watasema ni sare."

Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nikaenda kutafuta viatu vyeupe saizi ya mtoto wa miaka sita.

Julai 11, Córdoba

Hapa mvua haishuki, inakaa. Nimecheza waltz. Yaretzi alisimama juu ya viatu vyangu ili asikosee hatua, na akanong'ona kwamba nanukia kama hospitali. Watoto wengine walitukodolea macho mpaka mwalimu akawageuza kwa mabega. Rutilio, mume wa Amparo, hakunipa mkono. Alimwambia mkewe nisikie, "Ulikwenda kutengenezwa au kukusanya waliovunjika?" Amparo akacheka, na kucheka kwake kulinisikitisha zaidi ya lile neno.

Tangu leo simwiti Amparo. Mama wa mtoto na mama msimamizi huitana komadre, na jina hilo hulitupi ukichoka nalo. Komadre haulizwi kwa nini anaomba chumvi, wala haambiwi hapana.

Julai 14

Na leo ameomba chumvi.

Tulikuwa tumekaa kitandani kwake, mvua imepiga tangu mchana, kalamu yangu ya uzi mwekundu mkononi, bado sijajidunga. Akaniangalia.

"Komadre, Rutilio amesema nikirudi taya limepinda nisirudi."

"Rutilio ni mbwa."

"Ni mbwa wangu. Ana mtoto wangu nyumbani mwake." Akaigusa kalamu mkononi mwangu. "Wewe unapata dawa. Mimi napata maji. Nimevumilia mwezi. Tugawane. Siku moja wewe uzi mwekundu na mimi wa kijani, siku ya pili tubadilishane. Ncha kila mtu yake, mpya. Si kitu cha haramu, ni sahani moja na vijiko viwili."

"Na daktari?"

"Daktari mwenyewe hajui anadunga nini. Umemsikia kwa masikio yako."

Ningeweza kusema hapana kwa Amparo wa Juni. Kwa komadre sikuweza. Nikamwambia, "Leo zamu yangu. Kesho leta paja lako." Akanibusu mkono, vyuma vyetu vikagongana, tukacheka mpaka Doña Chole akagonga ukuta.

Julai 15

Uzi wa kijani. Sikuhisi kitu. Maji kabisa.

Julai 16

Uzi mwekundu. Miguu ilikaza. Karibu tena, mpenzi wangu.

Julai 22

Maura amepiga simu. Nicandro amenunua shati la mwitaji, jeupe, lenye nyuzi shingoni. Bado hajaapa, lakini shati limeshapigwa pasi.

Julai 29

Leo mji umekunywa mpaka umetapika. Saa tisa alasiri mifereji ilifurika, maji yakaingia mpaka magotini kwa Doña Chole, na umeme ukakatika. Doña Chole aliokoa Bikira wake wa ukutani, kisha televisheni, kisha mbwa, kwa mpangilio huo. Mimi nilisimama juu ya kiti nikiwaza sindano tu. Zikipata joto zimekufa.

Amparo hakuwaza. Alifunga sketi kiunoni, akatoka na ndoo katika maji yale ya kahawia yenye viatu vya watu na maganda ya maembe, mpaka kwa muuza samaki na kamba wa pembeni mwa soko. Alirudi ametapakaa matope hadi kwenye vyuma vya mashavuni, ndoo imejaa barafu inayonuka samaki.

"Aliniuliza barafu ya nini," akasema akitetemeka. "Nikamwambia nina taya mbili nyumbani, sitaki zioze."

Tulizika kalamu zote humo, nyekundu na za kijani, tukabadilishana kulinda ndoo hadi umeme uliporudi. Nimeishi na dada wa damu miaka thelathini, na hakuna siku aliyoingia majini kwa ajili yangu.

Agosti 7

Picha ya eksirei. Ndani ya pengo langu kuna kitu kama wingu jembamba, na la Amparo vivyo hivyo. Daktari Ulloa alikaza macho. "Inakwenda. Si haraka, lakini inakwenda. Septemba tutaona." Amparo akanifinya kiuno. Nusu sahani inashibisha, alimaanisha.

Amepokea simu mbili leo akiwa ngazini. Aliporudi hakuimba.

Agosti 12

Nimerudi kutoka sokoni na kitanda cha pili kimetandikwa.

Nilifikiri yuko bafuni. Kisha nikaona msumari wa ukutani hauna rozari yake. Nikaenda jikoni, nikafungua friji. Jeli ipo. Mpungate upo. Sindano zenye uzi wa kijani zipo, zimepangwa vizuri. Zenye uzi mwekundu hazipo, hata moja.

"Aliondoka saa tano," Doña Chole akasema bila kugeuka kwenye jiko lake. "Mume wake alikuwa na gari. Alilia."

"Alisema nini?"

"Alisema nikwambie Mungu akulipe."

"Mungu atalipa! Yeye ameiba, na Mungu ndiye wa kulipa!"

"Usinipigie kelele mimi, binti. Mimi napangisha vitanda."

Nilikaa sakafuni mbele ya friji, mlango wazi, baridi ikinipiga magoti. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo yenyewe nilimshonea. Viatu vyeupe. Waltz. Barafu ya kamba! Nadhani hata siku ile ya mafuriko hakuwa akiokoa dawa yetu. Alikuwa akiokoa dawa yake iliyokuwa bado inaitwa yangu.

Agosti 13

Ningeweza kuvuka barabara na kumwambia daktari. Lakini nikisema ameiba, itabidi niseme tulikuwa tukigawana, na nitatolewa kwenye utafiti. Na pia, sijui niiweke vipi, kumshtaki komadre ni jambo ambalo mtu wa kwetu halifanyi hata akiwa na haki. Unaweza kumchukia hadi kaburini. Kumshtaki, hapana.

Basi nimefanya nililoweza. Nimezitoa zile za kijani, nikazibonyeza moja moja ndani ya chungu cha mrehani cha Doña Chole, hadi tone la mwisho. Sitajidunga maji ya Amparo. Sina kiu. Nyuzi nimezichoma kwenye jiko la gesi, na zilinuka kama nywele.

Agosti 20

Mvua.

Agosti 26

Daktari Ulloa aliniuliza Amparo yuko wapi, mbona hakuja siku yake. Nikamwambia amuulize aliyemzaa. Akaniuliza kama najidunga. Nikasema kila siku.

Septemba 2

Baba amepiga simu mwenyewe. Sauti yake imebaki kama karatasi inayokunjwa. "Unakuja, Kandege?" Nikasema nakuja. "Nicandro anasema kiti kile kirefu kinamwumiza mgongo." Nikasema basi Nicandro akae chini, kiti hakikumwita. Baba alicheka hadi akakohoa. "Njoo na mdomo," akasema. "Nitawaambia wakungoje."

Septemba 9

Chuma cha kushoto kinauma nikitafuna hata ndizi. Miguu haijakaza tangu Doña Chole aanze kunipa maharage ya kuponda na mayai. Bila shaka ni kwa sababu dawa imekwisha mwilini. Kila mara usingizi ukinipita namfikiria Amparo huko Córdoba, anajidunga mfupa wangu pajani.

Septemba 15

Ni mkesha wa uhuru. Nchi nzima iko uwanjani inapiga kelele, na mimi niko chumbani nimefunga mdomo.

Septemba 24

Nitaandika taratibu.

Daktari Ulloa alitundika picha mbili, ya Agosti na ya leo. Ya Agosti ina wingu. Ya leo ina wingu lile lile. Mwezi na nusu, na mfupa haujasogea hata unywele.

"Vyuma havitoki," akasema. "Nikivitoa sasa taya litapinda. Pengine miezi mitatu, minne. Pengine tuchukue mfupa kiunoni tupandikize."

"Sikukuu yetu ni tarehe nne."

"Hermelinda, mfupa hauna kalenda." Akavuta kiti, akakaa mbele yangu, magoti kwa magoti. "Hadi Agosti ulikuwa unajenga. Kisha ukaacha. Nini kilitokea?"

Ndipo nikasema yote. Uzi mwekundu, uzi wa kijani, sahani moja, ndoo ya barafu, wizi. Sikulia. Nilisema kwa hasira, kama mtu aliyechokozwa. Nilimwambia kama anataka kunifukuza anifukuze, lakini kwanza apeleke polisi Córdoba. Nilimshtaki komadre. Ilichukua dakika chache tu, na dari haikuanguka.

Daktari hakunikemea. Alinyanyua simu, akaita famasia, akasema wagonjwa wawili wamevunja masharti, wametoka kwenye utafiti, anataka kujua walikuwa wakipewa nini. Akataja namba yangu. Akasikiliza. Akataja ya Amparo. Akasikiliza tena, kisha akafunga macho kidogo, na nikajua ana jambo asilotaka kulisema.

"Uzi mwekundu ulikuwa wako?"

"Wangu."

"Yako yalikuwa maji. Tangu siku ya kwanza."

"Haiwezekani. Miguu ilikuwa inakaza. Nilikuwa naanguka bafuni!"

"Ulikuwa unaishi kwa supu ya kuchuja na uji mtamu. Mwili wako ulikuwa na njaa."

"Na za kijani?"

"Za kijani ndizo homoni." Alisema kwa upole, na upole ule nilitamani kumrudishia usoni. "Kile kidogo ulichojenga, ulikijenga kwa zamu za kijani. Alipoondoka alikuachia dawa yote. Ungejidunga kila siku, leo pengine ningekuwa navitoa vyuma hivi. Uliziweka wapi?"

Nikamwambia mrehani.

Hakucheka. Mimi ndiye niliyecheka, na chuma cha kushoto kikanichoma hadi sikioni.

"Nipe nyingine basi. Sasa mnajua."

"Siwezi. Zilizobaki ni za waliomo kwenye utafiti, na dukani haipatikani kwa kazi hii. Samahani sana."

Maji yakimwagika hayazoleki. Mama yangu alikuwa akisema hivyo kwa kila sahani iliyovunjika, na sikujua siku moja nitayazoa kwa ulimi.

Septemba 25

Mrehani wa Doña Chole umestawi. Nimemsimulia kwa nini, naye ameutia kwenye supu yangu.

Oktoba 4

Saa moja jioni Maura alipiga simu bila kusema neno, akaielekezea uwanjani. Nilisikia fataki, kengele, tarumbeta za bendi. Kisha sauti ya kasisi, kisha ya Nicandro akiapa. Kisha loteria.

Aliita jogoo vibaya. Aliita mtungi vibaya. Kwa Mauti alianza lile langu nililomsomea Maura, "Uliyemfungia mlango," akasahau, akapumua kwenye kipaza sauti, akamalizia, "anakuja na gari." Watu walicheka. Walicheka sana. Walipiga makofi.

Nilikuwa nimekaa kitandani na simu sikioni, na nikalisema shairi lote, kwa sauti, kuelekea kitanda kitupu: *Uliyemfungia mlango, amekaa na wewe mezani.* Lilitoka safi. Kila herufi mahali pake. Taya hili halina mfupa wa kutosha kutafuna mkate, lakini lina nafasi ya kutosha kwa maneno, na hapakuwa na mtu wa kusikia. Baba alichukua simu, akataka kusema kitu. Sauti haikutoka. Nikamwambia nimesikia.

Oktoba 9

Mvua zinakwisha. Leo ilinyesha kidogo mchana ikaona haya, ikaacha.

Nilikuwa naanika nguo juu ya paa Doña Chole aliponiita. "Una mgeni. Sijui nimpe kiti au nimpe mlango."

Amparo alisimama jikoni na ndoo mkononi. Vyuma vyake havipo. Daktari wa huko, rafiki wa Rutilio, alivitoa mwezi wa Septemba, na bila vyuma mfupa umekunjika. Kidevu kimekwenda upande, mdomo haufungi, anafuta mate kwa leso. Rutilio amemrudisha kwao, kwa mama yake mzazi, na Yaretzi amebaki kwa Rutilio. Yote haya aliyasema amesimama, haraka, kabla sijafungua mdomo, maneno yake sasa yakitoka yamekunjika kama yangu ya zamani.

Kisha akapiga magoti juu ya vigae vya Doña Chole.

"Komadre, nilikuibia. Usiseme kitu, nisikilize. Rutilio alisema nisipotoka siku ile simwoni mtoto. Nikasema nitachukua zile za kweli, nipone haraka, nirudi nikuombe radhi. Mungu ameona. Ameniadhibu mimi, sawa, lakini wewe ulifanya nini? Doña Chole ameniambia hukwenda sikukuu. Ni mimi. Mfupa wako nimeula mimi."

Neno lilikuwa pale, nyuma ya meno. *Uliiba maji, mjinga wewe. Dawa uliniachia mimi, na mimi nikaimwagia mboga.* Lingemwinua kutoka magotini. Angelia, angecheka, angenikumbatia na vyuma vyangu, na tungekuwa tena wajinga wawili wa sahani moja. Nilihesabu hasara yangu, na nikaona kwamba kitu pekee kilichobaki mkononi mwangu ni hatia ya mwanamke huyu. Sikutaka kumrudishia.

"Nimekusamehe, komadre," nikasema. Nilitamka vizuri, kama mwitaji juu ya kiti kirefu.

Akanibusu mikono yote miwili. Mate yake yalikuwa ya moto. Kisha akavuta ile ndoo, na ndani yake kulikuwa na barafu, na ndani ya barafu kalamu moja, haijafunguliwa, uzi mwekundu bado umefungwa.

"Niliibakiza hii," akasema. "Nilipoona taya linakwenda upande niliogopa kuigusa. Nimebadilisha barafu kila siku, na ndani ya basi niliishika mapajani njia nzima. Ni ya mwezi mzima. Haitoshi, najua. Lakini tuanze leo, mimi mwenyewe nitakuwa nakudunga. Tafadhali, komadre."

Vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa baridi. Doña Chole aliniangalia, maana yeye anajua habari ya mrehani, nami nikamwangalia mpaka akarudi kwenye jiko lake.

Nilikaa kitini nikapandisha sketi. Amparo alifunga ncha mpya, akafuta paja langu kwa pamba, na akaanza kuimba kwa mdomo ule usiofunga. Maji yaliingia baridi.

"Inauma?" akaniuliza.

Nikamwambia inauma.